Kiingereza cha Hadithi na Kiingereza cha Daftari

Mwaka 1864 aliwasili Unguja padri wa Kiingereza, jina lake Edward Steere, akifuatana na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, na kwa kuwa vitabu vya kumfundisha mgeni lugha ya wenyeji vilikuwa haba siku hizo, alishika njia ya kuketi na watu wa mji, kuwasikiliza wakihadithiana, na kuyaandika maneno yao kama yalivyotoka vinywani mwao. Matunda ya kazi hiyo yalichapishwa London mwaka 1870: kitabu cha hekaya za Unguja ambacho ukurasa mmoja una Kiswahili na ule unaouelekea una tafsiri ya Kiingereza, na ndani yake mna punda wa dobi, mna Sultani Darai, mna Goso mwalimu aliyefia chini ya mbuyu. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake cha sarufi, ambacho kwa miaka mingi kiliwasaidia Wazungu kuingia katika lugha yetu. Lakini sarufi ile hakuitunga hewani, aliichambua kutoka katika maneno ya watu waliokuwa na jambo la kusimulia.

Leo mambo yamegeuka. Ni sisi tunaotaka kuingia katika lugha ya Steere, wala hatuna uhaba wa vitabu vya sarufi na kamusi, na hata hivyo kijana wetu aghalabu anazijua kanuni za Kiingereza kuliko anavyojua kukisema, akiulizwa nyakati za vitenzi atazitaja zote kwa majina, na akiulizwa jana alikwenda wapi atababaika. Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa mifano, ni kwamba riwaya, tamthilia, hekaya na mashairi ni miongoni mwa walimu bora wa lugha ya kigeni, kwa sharti moja tu: yasomwe kama riwaya, tamthilia, hekaya na mashairi, yasigeuzwe kuwa orodha ya majibu ya mtihani. Sharti hilo ni jepesi kulitamka, na ndilo linalovunjwa kila siku.

Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali katika Tanzania Bara zimefundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja katika mengi. Kisha mtoto akivuka kuingia sekondari hukuta hisabati, jiografia, baiolojia na masomo mengine karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Kwenye makaratasi lugha hiyo huitwa lugha ya pili, lakini kwa mtoto wa Nachingwea au wa Kasulu, ambaye haisikii sokoni, haisikii msikitini wala kanisani, na nyumbani kwao haijapata kukaribishwa, ni lugha ya kigeni kwa kila maana. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, waliandika taarifa juu ya hali hiyo, nayo haikuficha kitu: wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao. Kabla ya muongo ule kwisha ulianzishwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, uliogharimiwa na Uingereza, na jambo la kupendeza katika mradi huo ni kwamba nguzo yake moja kubwa ilikuwa vitabu vya hadithi, vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi na kupelekwa mashuleni kwa mafungu ili watoto wasome.

Katika miaka hiyo vilitoka Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vyote viwili vya Richard Mabala, mwandishi aliyezaliwa Uingereza akawa raia wa Tanzania, ambaye hakuona haya kumpa jina lake mwenyewe mhusika wa kuchekesha, mtu anayejitia ukulima asioujua. Vitabu hivyo ni vyembamba, sentensi zake ni fupi, lakini vina kitu ambacho vitabu vingi vya kiada havina, yaani mtu ambaye msomaji anataka kujua yatamfika yapi. Mwanamke anashika usukani wa basi. Je, abiria watapanda? Mtoto wa kidato cha kwanza atakayeligeuza jani ili apate jibu la swali hilo amekwisha kusoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila ya kushurutishwa, na huenda huo ni ukurasa wake wa kwanza wa namna hiyo tangu azaliwe.

Lakini kitabu kikishaingia katika silabasi huingia pia katika hatari. Mtihani wa kidato cha nne humtaka mwanafunzi atoe mifano kutoka katika vitabu alivyosoma, na kwa sababu ya swali hilo moja, ambalo lilikusudiwa kumlazimisha asome, imezuka biashara nzima ya kumwepusha na kusoma. Notisi huuzwa kando ya barabara pamoja na kalamu na soksi. Nilipata kukaa nyuma ya darasa la kidato cha nne, katika shule ambayo sina haja ya kuitaja jina, siku ambayo somo lilikuwa tamthilia. Nakala ilikuwa moja, imevalishwa karatasi ya kaki, nayo ilikuwa mezani kwa mwalimu. Ubaoni palikuwa na vichwa vya habari kwa Kiingereza, wahusika, dhamira, mandhari na ujumbe, na chini ya kila kichwa sentensi zilizokwisha kutengenezwa tayari kwa kujibia mtihani, na vijana wale, ambao walikuwa wengi kuliko madawati, walikuwa wakinakili kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Katika vipindi viwili vilivyofuatana sikusikia mstari hata mmoja wa tamthilia yenyewe ukisomwa kwa sauti. Nilimwuliza kwa Kiswahili kijana aliyekaa karibu nami ni nani katika mchezo ule aliyemchekesha zaidi. Alinitazama kwa mshangao, akalipekua daftari lake mbele na nyuma, kisha akanijibu kwa adabu, “Hilo bado hatujapewa, mwalimu.”

Simlaumu mwalimu wake. Aliyekabidhiwa nakala moja, darasa lililofurika na mtihani usiosubiri, atafanya litakalowavusha watoto wake, na jioni atalala akijua kuwa amefanya kazi. Ninachosema ni kwamba kilichofanyika pale kilikuwa kunakili, na hakikuwa fasihi wala Kiingereza. Lugha ya notisi ni lugha iliyokwisha kutafunwa na mtu mwingine: haina anayeuliza wala anayejibu, haina hasira, haina utani, na wakati wake ni uleule wa sasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kijana akiihifadhi yote kwa moyo atakuwa amejifunza namna ya kuandika juu ya kitabu, na siku akikutana na mtu mwenye kusema Kiingereza hatakuwa na la kumwambia ila kwamba dhamira kuu ni usaliti.

Aina ya pili ya somo lisilo na uhai imechorwa na Ngũgĩ wa Thiong'o katika Weep Not, Child, riwaya iliyotoka mwaka 1964. Mwalimu Lucia anawafundisha watoto Kiingereza kwa kuwauliza anafanya nini naye amesimama mbele yao, na wao kumjibu kuwa amesimama. Wanaimba majibu kwa pamoja mpaka yanawatoka bila ya kufikiri. Kisha anaingia mgeni, bibi wa Kizungu, wakati chakula cha mchana kimekwisha kupita, na darasa zima, kwa sauti moja na kwa fahari, linamwamkia kwa maamkio ya asubuhi, tena kwa neno la kumwita mwanamume. Kila mtu aliyewahi kufundisha lugha anaijua fedheha ya Lucia. Watoto wale walikuwa na maneno, lakini hawakuwa wamepata hata siku moja kuyatumia kwa mtu ambaye wanahitaji kumtazama kwanza ili wajue la kumwambia. Hadithi hulifanya hilo bila ya kulitangaza, maana ndani ya hadithi kila neno lina msemaji wake, na lina msemwaji, na kuna sababu iliyolitoa.

Basi tumtazame mwalimu wa kidato cha kwanza au cha pili anayetaka kufundisha sentensi za masharti, ambazo kwa Mswahili ni mtego wa hakika. Sisi huweka -nge- katika pande zote mbili za sentensi, na usemi wetu hukaa sawa kama mizani. Mwingereza huweka upande mmoja kitenzi chenye umbo la wakati uliopita, ilhali jambo lenyewe halikupita wala halitarajiwi kutokea, na upande wa pili huweka kisaidizi. Mwanafunzi wetu, kwa mazoea ya lugha yake, hukitia kisaidizi hicho pande zote mbili, na hata akisahihishwa kwa wino mwekundu mwaka mzima atalirudia kosa lile siku ya mtihani.

Mwalimu huyo na amchukue Goso, kisa ambacho wengi wa wanafunzi wake wamekwisha kukisikia kwa bibi zao, na ambacho kimekuwamo katika Kiingereza tangu siku za Steere. Goso anasomesha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda mtini kuiba matunda, tunda linamponyoka, linampiga mwalimu kichwani, naye anakufa. Wanafunzi wanatoka kulipiza kisasi. Wanamshitaki Kusi, upepo wautikisao mti, naye anajitetea kwamba lau angekuwa na nguvu kiasi hicho asingezuiwa na kiambaza. Wanakiendea kiambaza, nacho kinajitetea kwamba lau kingekuwa na nguvu kisingetobolewa na panya. Panya anamtaja paka, paka anaitaja kamba imfungayo, kamba inakitaja kisu, kisu kinautaja moto, moto unayataja maji, maji yanamtaja ng'ombe, na msururu unaendelea hivyo mpaka unamfikia paa, ambaye peke yake hana la kujibu.

Tazama namna kisa kilivyopangwa. Kila mshitakiwa hana budi kujitetea kwa muundo uleule mmoja, sharti upande huu na tokeo upande ule, na kila mara tokeo hilo ni tendo la kutendwa, yaani kuzuiwa, kutobolewa, kufungwa, kukatwa, kuunguzwa na kuzimwa. Mwalimu akisoma kwa sauti, mara ya kwanza na ya pili darasa litasikiliza. Mara ya tatu baadhi watamalizia sentensi kabla yake. Kufikia moto na maji hakuna atakayenyamaza. Kwa kuwa kisa wanakijua, akili yao haihangaiki kutafuta nini kimetokea, imebaki huru kusikia jinsi kinavyosemwa. Siku ya pili awagawie nafasi, huyu kiambaza, yule panya, na kundi moja liwe la wanafunzi wenye hasira wanaotoka kwa mshitakiwa mmoja kwenda kwa mwingine. Na siku ya tatu awaambie waongeze washitakiwa wao wenyewe kati ya maji na ng'ombe. Hapo ndipo atakapoona kama muundo umewaingia au haukuwaingia, maana mtoto hawezi kulinakili jibu ambalo halijapata kuandikwa na mtu yeyote.

Kwa vijana wa juu mfano ninaoupenda umo katika The Lion and the Jewel, tamthilia ya Wole Soyinka iliyochezwa Ibadan mwaka 1959, na ambayo imesomwa sana katika sekondari zetu. Lakunle, mwalimu wa shule katika kijiji cha Ilujinle, anamtaka Sidi lakini hataki kutoa mahari, kwani kwake mahari ni ushenzi. Na katika kuilaani desturi hiyo anammiminia binti wa watu maneno makubwa, lawama juu ya lawama, hata pumzi inamwishia. Sidi anamdhihaki kwa kumwuliza iwapo mfuko wake umekuwa mtupu. Naye Lakunle anakiri, bila ya kutambua kuwa anachekesha, kwamba kamusi aliyonayo ni ile fupi, ila ile kubwa amekwisha kuiagiza.

Sijui ukurasa mwingine wa fasihi unaofaa kuliko huo kwa kijana anayehifadhi misamiati kutoka katika kamusi kwa imani kwamba wingi wa maneno ndiyo fasaha. Mwalimu anaweza kuyaandika maneno yale ya Lakunle ubaoni, akawaambia vijana wayapange kuanzia lawama nyepesi hadi nzito, na papo hapo watagundua kuwa mengine hayapangiki kwa sababu yanasema jambo lilelile, mengine hata hayahusiani na mahari, na kwamba Lakunle hakuyachagua, ameyamwaga tu. Kisha wayafute moja moja, huku mmoja wao akiyasoma kwa sauti ya Lakunle kila yanapopungua, mpaka yabaki mawili au matatu, nao waamue wenyewe ni wapi usemi ulianza kupata nguvu. Baada ya hapo wamgeukie Baroka, mzee mtawala wa kijiji, ambaye hana kamusi wala hakusoma shule, na wamtazame anavyomwendea Sidi polepole kwa maneno ya kawaida hata akampata. Nani kati ya hawa wawili anajua kusema? Swali hilo litawafanya vijana wabishane, na kwa kuwa kila anayebisha atatakiwa kuonyesha mstari anaoutegemea, watarudi kitabuni mara nyingi kuliko walivyowahi kurudishwa na swali la dhamira. Kila darasa la mtihani lina Lakunle wake, na vyumba vya walimu, Mungu atusitiri, havikosi.

Kuandika nako kuna mlango wake humohumo. Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ya mwaka 1958, huanza na sifa za Okonkwo, ambaye akiwa kijana wa miaka kumi na minane alimwangusha Amalinze, mpiganaji mieleka ambaye kwa miaka saba hakuna aliyemgusisha mgongo wake chini. Mwambie mwanafunzi aisimulie mieleka ile kama Amalinze anavyoisimulia usiku ule nyumbani kwake. Nafsi itabadilika, mpangilio wa matukio utabadilika, na maneno ya ushindi yatageuka maneno ya udhuru. Sarufi yote ambayo ingefundishwa kwa mazoezi makavu italazimika kufanya kazi, kwa sababu mtu aliyeshindwa ana mengi ya kueleza.

Mushkili mkubwa ni kiwango, nao haukuanza leo. Katika miaka ya 1920 Mwingereza Michael West, aliyekuwa akifundisha Dacca katika Bengal, aliona kuwa wavulana wengi waliacha shule kabla ya kuweza kukisema Kiingereza, akahukumu kwamba zawadi itakayowabaki ni uwezo wa kusoma. Kwa hiyo akaandika vitabu vya hadithi kwa maneno yatumikayo sana, akayatawanya maneno mapya ili yasimvamie msomaji kwa pamoja, na kila jipya akalirudia mpaka lizoeleke. Orodha yake ya maneno ya lazima, kiasi cha 2,000, ilichapishwa mwaka 1953, na mpaka leo vitabu vingi vya hadithi nyepesi vimejengwa juu ya fikra hiyo. Wapo wanaosema kwamba riwaya iliyofupishwa imechinjwa, imebaki mifupa ya matukio bila ya nyama ya lugha, nami sikatai kuwa nimeviona vitabu vya namna hiyo, ambavyo msomaji akivimaliza hawezi kukumbuka hata sentensi moja. Lakini tofauti ipo baina ya kufupisha kitabu kikubwa na kutunga kitabu kidogo. Mabala hakumfupisha mtu, alitunga, na hadithi iliyotungwa kwa maneno machache inaweza kuwa nzima kabisa. Mimi ningempa mtoto wa kidato cha kwanza hadithi ndogo iliyo nzima kabla ya kumpa kipande cha Dickens; kwani anayelazimika kufungua kamusi katika kila mstari hasomi, anachimba, na hakuna aliyepata kuipenda hadithi akiwa shimoni.

Kuhusu jinsi kusoma hadithi kunavyofaa, ushahidi mmoja ulio bora unatoka mbali, visiwani Fiji, ambako Kiingereza ni lugha ya shule na watoto wa vijijini nyumbani kwao husema lugha nyingine. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi kiasi cha 250 katika kila darasa lililochaguliwa, madarasa ya nne na ya tano ya shule za msingi za vijijini. Madarasa mengine mwalimu aliwasomea watoto na kuzungumza nao juu ya hadithi, mengine watoto walipewa wasaa wa kusoma kimya kila siku, na madarasa ya kulinganishia yaliendelea na mazoezi ya kawaida ya kukariri miundo ya sentensi. Mwaka ulipokwisha, watoto waliopewa hadithi walikuwa wamepiga hatua ya kama mara mbili katika kusoma kuliko wenzao, na mwaka wa pili faida ilikwisha kuenea hata katika kuandika na sarufi, mambo ambayo hawakufundishwa kwa juhudi zaidi ya wenzao. Wanaosema kwamba hadithi ni anasa ya wenye nafasi na kwamba mtoto maskini apewe sarufi kwanza wanawajibika kuyajibu matokeo hayo.

Swali la vitabu vya nani visomwe limejadiliwa Afrika Mashariki kwa ukali na kwa haki. Katika zama za ukoloni vitabu vya mitihani viliamuliwa Cambridge. Mwaka 1962 kampuni ya Heinemann ilianzisha msururu wake wa waandishi wa Kiafrika, kitabu cha kwanza kikiwa cha Achebe. Na mwaka 1968, katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walitaka idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Wao walishughulikia fikra, na mwalimu wa lugha anafaidika vilevile, kwa kuwa mwanafunzi asiyehitaji kuelezwa mahari ni nini atautumia muda huo kusikiliza maneno. Hata hivyo tusidhani kwamba cha karibu ndicho pekee kinachoeleweka. Miongoni mwa tamthilia zilizowekwa katika silabasi yetu ni The Government Inspector ya Nikolai Gogol, Mrusi, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1836, ambamo wakubwa wa mji mdogo wanamdhania mpita njia kuwa mkaguzi aliyetumwa na serikali, wakamkirimu, wakamhonga, wakamnyenyekea. Sijasikia kwamba kuna mwanafunzi wa Kitanzania aliyehitaji kuelezwa nini kinaendelea.

Ushairi nautaja kwa ufupi, ijapokuwa ndio wenye kudharauliwa zaidi. Matamshi na mikazo ya Kiingereza, ambayo humsumbua Mswahili kwa sababu mkazo wetu una mahali pake maalumu na wao huuhamisha watakavyo, hushikwa vizuri kwa kughani pamoja kuliko kwa maelezo, na watu waliokulia katika mashairi na kasida wana masikio ya kazi hiyo. Okot p'Bitek alimwandika Lawino, msemaji wa shairi lake refu, kwa Kiacholi kisha akamleta mwenyewe katika Kiingereza mwaka 1966, na mke yule aliyeachwa kwa ajili ya mwanamke wa kisasa anasema Kiingereza chepesi ambacho kidato cha tatu kinakiweza, chenye hasira ambayo haihitaji kamusi. Vilevile hatujaitumia hazina aliyotuachia Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri Julius Caesar na kuichapisha mwaka 1963. Kiingereza cha Shakespeare ni kigumu hata kwa Waingereza. Lakini hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari, ikiwekwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, inawapa vijana kazi ambayo ni nadra kuipata: kuuona mstari ambao mtafsiri aliubana, na ule alioufungua, na kusema kwa nini. Anayeweza kubishana na tafsiri ya Rais amekwisha kusoma kwa makini.

Nakala zitatoka wapi? Swali hili ni la haki, na jibu lake moja ni kwamba mwalimu mwenye nakala moja bado ana sauti. Dakika kumi za mwisho za kipindi, kila siku, kitabu kilekile, kikisomwa kwa sauti na mtu aliyejitayarisha nyumbani na anayejua ni wapi atakata, ni somo la kusikiliza lisilogharimu kitu. Na sehemu fupi, ya nusu ukurasa, inaweza kuandikwa ubaoni badala ya notisi, kwa chaki ileile na kwa muda uleule. Wanafunzi wakinakili, na wanakili maneno ya Soyinka, si maneno ya muuza notisi.

Linalobaki ni mtihani, na hapo mwalimu mmoja mmoja hana nguvu. Maadamu swali linadai mifano ya dhamira kutoka vitabu viwili, majibu yatapikwa mapema na kuuzwa, kwa kuwa dhamira za kitabu hazibadiliki mwaka hadi mwaka. Lau karatasi ya kidato cha nne ingemletea kijana kipande cha hadithi asichopata kukiona, cha nusu ukurasa, ikamwuliza kwa nini yule mama alinyamaza, ni neno gani lililomfanya aamini kuwa mgeni anasema uongo, kisha ikamtaka akiandike upya kwa sauti ya mgeni, hakuna notisi ambayo ingemfaa, na njia pekee ya kujiandaa ingekuwa ni kusoma hadithi nyingi. Watasema kwamba majibu ya namna hiyo ni magumu kusahihisha kwa kuwa kila mtu ataandika lake. Lakini watahini wetu husahihisha insha kila mwaka, ambazo nazo hazifanani, na alama hutolewa.